Kwa nini Bush alifuta kifungo cha Libby lakini hakumsamehe?

Msomaji mmoja ametuandikia hivi: "Mwaka 2007 Rais George W. Bush alifuta kifungo cha Lewis 'Scooter' Libby, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Makamu wa Rais Dick Cheney, lakini hakumsamehe kosa lenyewe. Kwa nini aliishia njiani? Na kama rais wa Marekani anaweza kumwokoa mtu aliyetiwa hatiani na mwendesha mashtaka maalumu aliyepewa kazi ya kuichunguza serikali ya rais huyo huyo, uchunguzi wa namna hiyo una faida gani? Je, hiyo si kesi ya nyani, hakimu ngedere?"

Jibu fupi ni kwamba nusu ile ya msamaha ilitosha. Libby hakwenda jela, kwa hiyo hakubaki na sababu ya kubadili maelezo yake. Na kwa kuwa hatia yake iliachwa palepale huku rufaa ikiendelea, alibaki pia na msingi wa kisheria wa kukaa kimya iwapo Bunge lingemwita. Sidai kwamba Bush aliketi akapiga hesabu hiyo, kwa maana ushahidi wa yaliyokuwa moyoni mwake haupo. Ninachodai ni kwamba nia ya kisiasa katika msamaha wa rais huonekana zaidi katika tarehe ya msamaha na umbo lake kuliko katika maelezo yanayosomwa mbele ya waandishi wa habari, na kwamba msamaha wa aina hiyo humpata mwendesha mashtaka maalumu mahali alipo dhaifu kuliko pote, yaani katika uwezo wake wa kumfanya shahidi aseme.

Tuanze na mamlaka yenyewe. Ibara ya 2 ya Katiba ya Marekani inampa rais uwezo wa kuahirisha adhabu na kusamehe makosa dhidi ya Marekani, isipokuwa katika mashtaka ambayo Bunge humfungulia kiongozi ili kumwondoa madarakani. Maneno hayo ni machache, na Mahakama ya Juu imeyasoma kwa upana mkubwa. Katika shauri la Garland, lililoamuliwa baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, mahakama ilisema rais anaweza kusamehe wakati wowote baada ya kosa kutendeka, hata kabla ya mtu kushtakiwa. Rais anaweza kufuta kosa, kupunguza adhabu, kuondoa faini au kuweka masharti. Hahitaji kibali cha Bunge wala cha jaji, na hapaswi kueleza sababu. Mipaka mingine iliyo wazi ni miwili tu: mamlaka hayo hayagusi makosa chini ya sheria za majimbo, na hayawezi kufuta makosa ambayo bado hayajatendeka.

Hatari ya mamlaka hayo ilionekana tangu mwanzo. Mwaka 1788, jimbo la Virginia lilipokuwa likijadili kama liikubali Katiba mpya, George Mason alionya kwamba rais angeweza kusamehe makosa ambayo yeye mwenyewe aliyashauri, na kwa njia hiyo akauzima uchunguzi kabla haujamfikia. James Madison alimjibu kwamba rais atakayeshukiwa kuwa na uhusiano na mhalifu, na kukawa na sababu ya kuamini kwamba atamkinga, anaweza kushtakiwa na Baraza la Wawakilishi na kuondolewa. Alexander Hamilton naye alitetea mamlaka hayo kwa hoja tofauti kabisa, kwamba wakati wa uasi msamaha unaotolewa kwa wakati unaofaa unaweza kurudisha utulivu, na George Washington aliutumia hivyo alipowasamehe watu wawili waliohukumiwa kwa uhaini baada ya uasi wa kodi ya wiski wa mwaka 1794. Kwa maoni yangu Mason ndiye aliyeona mbali zaidi. Dawa ya Madison inategemea Bunge lililo tayari kuitumia, na haina nguvu kabisa kwa rais ambaye muda wake umebaki wiki chache.

Sasa turudi kwa Libby, kwa sababu shauri lake linaonyesha mambo haya kwa ukaribu. Tarehe 6 Julai 2003 balozi wa zamani Joseph Wilson aliandika gazetini akipinga madai ya serikali kwamba Iraq ilikuwa ikitafuta madini ya urani nchini Niger, nchi ambayo yeye mwenyewe alitumwa kuchunguza habari hizo. Siku nane baadaye mwandishi Robert Novak alichapisha kwamba mke wa Wilson, Valerie Plame, alikuwa mtumishi wa shirika la ujasusi la CIA. Kumfichua jasusi kwa makusudi kunaweza kuwa kosa la jinai, hivyo uchunguzi ukafunguliwa. Mwanasheria Mkuu John Ashcroft alijitoa mwishoni mwa mwaka huo, na naibu wake, James Comey, akamteua Patrick Fitzgerald, mwendesha mashtaka wa serikali huko Chicago, kuendesha shauri hilo kwa uhuru. Fitzgerald alikuwa amepewa wadhifa wake wa Chicago na Bush mwenyewe, na jaji aliyekuja kusikiliza kesi, Reggie Walton, naye aliteuliwa na Bush. Si rahisi kusema kwamba hawa walikuwa maadui wa chama chake.

Libby aliwaambia wapelelezi wa FBI, kisha akarudia chini ya kiapo mbele ya jopo la raia linalosikiliza ushahidi kwa siri, kwamba alipozungumza kwa simu na mtangazaji Tim Russert mwezi Julai, Russert ndiye aliyemtajia habari za mke wa Wilson, naye akazisikia kana kwamba ni habari mpya. Russert alikana. Kilichommaliza Libby zaidi ni maandishi ya mkono wake mwenyewe ya mwezi Juni, yaliyoonyesha kwamba alikuwa ameshaambiwa jambo hilo na Cheney, takriban mwezi mmoja kabla ya simu ile. Wakili wake alijitetea kwa hoja ya kumbukumbu ya mtu mwenye kazi nyingi. Tarehe 6 Machi 2007 jopo la waamuzi lilimtia hatiani kwa makosa manne kati ya matano: kuzuia haki isitendeke, kusema uongo chini ya kiapo mara mbili, na kuwadanganya wapelelezi. Mwezi Juni Jaji Walton alimhukumu kifungo cha miezi 30, faini ya dola 250,000 na miaka miwili ya kuwa chini ya uangalizi.

Wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba kesi hiyo haikuwa na maana kwa kuwa hakuna aliyeshtakiwa kwa kumfichua Plame, na kwa kuwa aliyempa Novak habari hiyo kwanza alikuwa Richard Armitage wa Wizara ya Mambo ya Nje, jambo ambalo Fitzgerald alilijua mapema. Hoja hiyo ina uzito kuliko wapinzani wa Bush wanavyokubali. Lakini Fitzgerald alikuwa ameijibu tangu siku ya kutangaza mashtaka mwaka 2005, aliposema kwamba anayezuia haki ni sawa na mtu anayemrushia mwamuzi mchanga machoni: mwamuzi hawezi tena kuona kama mchezaji alicheza rafu, na kama alicheza, kama alikusudia. Swali halikuwa nani alimwambia Novak tu. Lilikuwa pia Cheney aliagiza nini, na Rais alijua nini, na mtu aliyekuwa karibu zaidi na majibu hayo ndiye aliyedanganya. Katika hoja zake za mwisho mahakamani Fitzgerald alisema wazi kwamba wingu lilikuwa limetanda juu ya Makamu wa Rais, na kwamba wingu hilo lilibaki kwa sababu Libby alizuia ukweli usijulikane.

Tazama basi tarehe. Tarehe 2 Julai 2007 mahakama ya rufaa ilikataa kumwacha Libby nje wakati rufaa yake ikisubiri kusikilizwa, na jela sasa ilikuwa suala la wiki chache. Siku hiyo hiyo Bush akafuta kifungo chote, akaacha faini, uangalizi na hatia yenyewe. Alisema anaheshimu uamuzi wa jopo, lakini adhabu imezidi kiasi, na kwamba sifa ya Libby imeharibika na familia yake imeteseka. Maelezo hayo yana tatizo moja ambalo wanasheria waliliona upesi. Siku kumi na moja tu kabla yake, Mahakama ya Juu ilikuwa imekubali hoja ya serikali hiyo hiyo ya Bush kwamba kifungo cha miezi 33 kwa askari wa zamani aliyedanganya mbele ya jopo kilikuwa halali na cha kadiri, ingawa askari huyo alikuwa na utumishi mrefu na afya mbovu. Miezi 33 ilikuwa kadiri kwake. Miezi 30 ikawa imezidi kwa Libby. Fitzgerald hakuulaumu uwezo wa Rais, bali alipinga neno hilo moja, akieleza kwamba adhabu ilitolewa kwa kufuata sheria zinazotumika kila siku dhidi ya watu wengine.

Kuna jambo jingine la utaratibu. Wizara ya Sheria ina ofisi inayopokea maombi ya msamaha, na kwa miongozo yake mwombaji wa msamaha kamili hungoja miaka mitano baada ya kumaliza kifungo, huku maombi ya kupunguziwa adhabu kwa kawaida yakingoja mtu aanze kuitumikia na rufaa zake zimalizike. Libby hakuwa amelala jela hata usiku mmoja, na rufaa yake ilikuwa hai. Miongozo hiyo haimfungi rais, na kuikiuka si kosa. Ila rais anapoiruka kwa ajili ya mtu wa ofisi ya jirani, huku maelfu ya maombi ya watu wasiojulikana yakisubiri, mtazamaji ana haki ya kuuliza ni nini kilichomfanya huyu apewe njia yake peke yake.

Jibu la kwa nini hakumsamehe kabisa linaweza kuwa na vipande vitatu, na sioni haja ya kuchagua kimoja. Cha kwanza ni siasa za kawaida: wahafidhina wa chama cha Republican walitaka Libby aokolewe, wananchi wengi hawakutaka, na kufuta kifungo bila kufuta hatia kulimwezesha Bush kuwapa wa kwanza kitu huku akiwaambia wa pili kwamba adhabu nyingine imebaki. Cha pili ni cha dhati: dalili zote zinaonyesha kwamba Bush aliamini jopo lilikuwa sahihi. Cheney alimsihi tena na tena atoe msamaha kamili kabla ya kuondoka Ikulu Januari 2009, naye akakataa, na jambo hilo likaacha uchungu kati yao. Rais aliyetaka tu kumlipa Libby kwa ukimya wake angekuwa amemaliza kazi siku ile, kwa sababu hakuwa tena na uchaguzi wa kuogopa. Cha tatu ndicho wachambuzi wengi hukipita haraka. Marekebisho ya Tano ya Katiba yanamruhusu mtu kukataa kujibu swali linaloweza kumtia hatiani. Aliyesamehewa kabisa kosa la shirikisho hana tena la kuogopa katika kosa hilo, kwa hiyo hana sababu ya kukaa kimya, na kamati ya Bunge inaweza kumlazimisha aseme. Aliyefutiwa kifungo tu, na rufaa yake inaendelea, bado anaweza kushtakiwa upya iwapo atashinda rufaa, hivyo kinga yake ya ukimya inabaki. Mwezi huo huo wa Julai kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi, ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa chama cha Democratic, ilifanya kikao kuhusu uamuzi wa Bush, lakini Libby hakuwa shahidi aliyeweza kubanwa. Hata kama hakuna aliyelipanga hilo, ndivyo umbo la uamuzi lilivyofanya kazi.

Kwamba msamaha unaweza kumfungua mtu mdomo badala ya kumfunga, Marekani iliwahi kuliona waziwazi. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson alimpa msamaha mhariri wa gazeti la New York, George Burdick, ambaye alikuwa amekataa kuliambia jopo nani aliyempa habari za siri za forodha. Burdick hakuwa ameshtakiwa kwa lolote. Lengo lilikuwa kumvua haki ya kukaa kimya. Yeye akaukataa msamaha, na mwaka 1915 Mahakama ya Juu ikasema ana haki ya kuukataa, kwa sababu kuupokea kunabeba dalili ya kukiri kosa. Rais Gerald Ford alikuwa akitembea na kipande cha hukumu hiyo katika pochi yake kwa miaka mingi baada ya kumsamehe mtangulizi wake, Richard Nixon, aliyejiuzulu kwa kashfa ya Watergate, ili kuwaonyesha watu kwamba Nixon kwa kuupokea msamaha alikuwa amekiri.

Ford mwenyewe ni mfano unaopaswa kutuzuia kuhukumu haraka. Tarehe 8 Septemba 1974, mwezi mmoja baada ya kuingia madarakani, alimsamehe Nixon makosa yote ya shirikisho ambayo huenda aliyatenda tangu siku alipoapishwa hadi siku aliyoondoka. Msemaji wake wa habari alijiuzulu, umaarufu wake ukaporomoka, na mwaka 1976 akashindwa na Jimmy Carter. Watu walisema kulikuwa na mapatano. Ford alifanya jambo ambalo marais hawalifanyi: alikwenda mwenyewe mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi mwezi Oktoba akahojiwa, akakana kwamba kulikuwa na mapatano yoyote. Mimi namwamini. Lakini matokeo kwa uchunguzi yalikuwa yaleyale: Nixon hakuwahi kusimama kizimbani, na wasaidizi wake wakubwa walitiwa hatiani Januari 1975 bila yeye kutoa ushahidi.

Shauri linalofanana zaidi na hofu ya Mason ni la mkesha wa Krismasi mwaka 1992. Lawrence Walsh, mwendesha mashtaka maalumu, alikuwa amechunguza kwa miaka sita jinsi serikali ya Ronald Reagan ilivyoiuzia Iran silaha kwa siri na kupeleka sehemu ya fedha kwa waasi wa Contra nchini Nicaragua. Caspar Weinberger, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, alikuwa afikishwe kizimbani Januari 1993 kwa tuhuma za kulidanganya Bunge na kuficha shajara zake. Shajara hizo ziligusa vikao ambavyo George H. W. Bush alihudhuria akiwa makamu wa rais, na zilitia shaka dai lake kwamba hakujua mengi. Bush huyo, baba yake George W. Bush, ambaye sasa alikuwa rais na alikwisha kushindwa uchaguzi Novemba, aliwasamehe Weinberger na wengine watano, akisema kwamba tofauti za sera zilikuwa zikigeuzwa kuwa jinai. Wawili kati ya hao sita walikuwa hata kesi zao hazijasikilizwa. Rais huyo alikuwa akisamehe kesi ambayo yeye mwenyewe angeweza kuitwa shahidi, na Walsh alisema siku hiyo kwamba kazi ya kuficha ukweli iliyodumu miaka zaidi ya sita sasa imekamilika. Mwanasheria Mkuu aliyeunga mkono misamaha hiyo alikuwa William Barr, jina tutakalolikuta tena.

Hapa ndipo tunapofika kwenye sehemu ya pili ya swali, yaani mipaka ya uchunguzi maalumu. Mpaka wa kwanza ni nani anamteua na nani anaweza kumwondoa. Oktoba 1973 Nixon aliagiza Archibald Cox, mwendesha mashtaka maalumu wa kashfa ya Watergate, afukuzwe kwa kudai kanda za Ikulu. Mwanasheria Mkuu na naibu wake wakaacha kazi kuliko kutii, na wa tatu kwa cheo, Robert Bork, akatekeleza. Kwa sababu hiyo Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1978 iliyoweka uteuzi mikononi mwa majaji watatu. Mahakama ya Juu iliikubali mwaka 1988 kwa kura saba dhidi ya moja, na aliyepinga peke yake, Antonin Scalia, alionya kwamba mwendesha mashtaka anayepewa mtu mmoja wa kumchunguza, bajeti isiyo na kikomo na muda usio na mwisho atatafuta kosa hadi alipate. Baada ya Kenneth Starr, aliyeteuliwa chini ya sheria hiyo, kuanza na ardhi ya Whitewater huko Arkansas na kuishia kwenye uhusiano wa Bill Clinton na mfanyakazi kijana wa Ikulu, vyama vyote viwili viliona Scalia alikuwa na hoja, na mwaka 1999 sheria iliachwa ife. Tangu hapo mwendesha mashtaka maalumu huteuliwa kwa kanuni za Wizara ya Sheria yenyewe, huripoti kwa Mwanasheria Mkuu, na Mwanasheria Mkuu humtumikia rais. Katika jambo hili msemo wa msomaji kuhusu nyani na ngedere hauko mbali na ukweli.

Mpaka wa pili ni kazi yenyewe. Mwendesha mashtaka huchunguza makosa ya jinai. Hachunguzi uamuzi mbaya, wala hapaswi kuwaeleza wananchi yote aliyoyaona. Ushahidi unaosikilizwa mbele ya jopo ni wa siri kwa mujibu wa sheria. Fitzgerald hakuandika ripoti ya hadharani kuhusu Cheney, na waliosubiri kusoma jinsi vita vya Iraq vilivyouzwa kwa umma hawakupata kitu kwake, wala hawakupaswa kukitarajia. Bunge likijaribu kuziba pengo hilo kwa kuwapa mashahidi kinga ili waseme hadharani, linaweza kuua kesi: hatia za Oliver North na John Poindexter, waliokuwa wasaidizi wa Ikulu ya Reagan, katika shauri la Iran na Contra zilitenguliwa kwa sababu ushahidi walioutoa bungeni chini ya kinga ulionekana kuwachafua mashahidi wa mahakamani. Tena, tangu mwaka 1973 msimamo wa Wizara ya Sheria ni kwamba rais aliye madarakani hawezi kushtakiwa kwa jinai.

Robert Mueller, mwendesha mashtaka maalumu aliyeteuliwa Mei 2017 kuchunguza uhusiano wa kampeni ya Donald Trump na Urusi, aligongana na mipaka hiyo yote. Alipata majibu ya maandishi tu kutoka kwa Rais. Ripoti yake ilikwenda kwa Barr, ambaye alikuwa amerudi katika cheo chake cha zamani, na Barr akaifupisha kwa kurasa nne kabla ya wananchi kuiona. Lakini kilichomdhoofisha zaidi kilikuwa tumaini la msamaha. Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Trump, alikiri makosa Septemba 2018 na kuahidi kushirikiana, kisha ikagundulika kwamba bado anawadanganya wachunguzi. Wiki hiyo hiyo jambo hilo lilipojulikana, Trump aliliambia gazeti kwamba suala la kumsamehe Manafort halijaondolewa mezani. Roger Stone, mshauri wa Trump wa miaka mingi aliyetiwa hatiani kwa kulidanganya Bunge na kumtisha shahidi, alifutiwa kifungo cha miezi 40 tarehe 10 Julai 2020, siku chache kabla ya kuripoti jela, na siku hiyo alimwambia mwandishi wa habari kwamba Rais alijua shinikizo lilivyokuwa kubwa ili amgeuke, na hakumgeuka. Desemba mwaka huo wote wawili wakapewa misamaha kamili. Barr mwenyewe, alipohojiwa na Seneti Januari 2019, alikubali kwamba kutoa msamaha kwa kubadilishana na ahadi ya shahidi kutomtaja rais kungekuwa kosa la jinai. Tatizo ni kwamba mabadilishano ya namna hiyo hayahitaji ahadi kutamkwa.

Hata msamaha kamili wa Libby ulikuja katika mazingira hayo. Trump alimsamehe tarehe 13 Aprili 2018, siku nne baada ya FBI kupekua ofisi ya wakili wa Trump mwenyewe, na siku chache kabla ya Comey, yule aliyemteua Fitzgerald, kutoa kitabu cha kumshutumu. Trump alisema hamjui Libby, ila kwa miaka mingi amesikia kwamba hakutendewa haki. Libby alikuwa huru kitambo. Aliyekuwa akihitaji kuusikia ujumbe huo, kama ulikuwa ujumbe, alikuwa mtu mwingine.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la chama kimoja. Siku ya mwisho ya urais wake, Januari 2001, Clinton alimsamehe Susan McDougal, aliyekaa miezi 18 jela kwa kukataa kujibu maswali ya Starr mbele ya jopo, pamoja na Marc Rich, tajiri aliyekimbia mashtaka ya kodi na ambaye mtalaka wake alikichangia chama cha Clinton fedha nyingi. Wakili aliyewahi kumtetea Rich miaka ya nyuma, kwa kinaya cha historia, alikuwa Libby. Desemba 2024 Joe Biden, aliyeahidi kwamba hatafanya hivyo, alimsamehe mwanawe Hunter makosa yote ya shirikisho ya karibu miaka kumi na moja, siku chache kabla ya mahakama kutoa adhabu katika kesi zilizofunguliwa na mwendesha mashtaka maalumu. Na Januari 2025 Trump, siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, aliwafutia makosa au vifungo takriban watu 1,500 wa shambulio la Bunge la tarehe 6 Januari 2021, baada ya kesi yake mwenyewe iliyohusiana na matukio hayo, ya mwendesha mashtaka maalumu Jack Smith, kuondolewa mahakamani kwa kuwa alikuwa ameshinda uchaguzi.

Je, kuna kinachoweza kufanywa? Mahakama zimejitoa. Julai 2024, katika shauri la Trump, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba rais ana kinga kamili ya jinai kwa mamlaka ambayo Katiba imempa yeye peke yake, na msamaha ulitajwa miongoni mwa mamlaka hayo. Bado hongo kama hongo inaweza kushtakiwa, lakini uamuzi huo umewafungia wachunguzi sehemu kubwa ya ushahidi wa ndani ambao ungethibitisha nia. Majimbo yanaweza kushtaki makosa yao, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba jimbo na serikali ya shirikisho ni mamlaka mbili tofauti; hata hivyo, New York ilipojaribu kumshtaki Manafort, mahakama za jimbo zilitupa kesi kwa kuwa sheria ya jimbo lenyewe ilikataza mtu kushtakiwa mara mbili kwa matendo yaleyale.

Kinachobaki ni Bunge, na hapa silaha yake iliyo karibu zaidi ni ileile ambayo msamaha kamili huiacha nyuma. Manafort, Stone au Weinberger, baada ya kusamehewa, walikuwa watu wanaoweza kuitwa, kuapishwa na kuulizwa kuhusu makosa waliyosamehewa, bila ukimya wa Marekebisho ya Tano kuwa kimbilio rahisi, na uongo mpya chini ya kiapo ungekuwa kosa jipya lisilofunikwa na msamaha wa zamani. Weinberger hakuwahi kubanwa hivyo baada ya mkesha ule wa Krismasi, kwa sababu Bunge lililoingia Januari 1993 lilikuwa limechoshwa na miaka sita ya uchunguzi, na rais aliyetoa msamaha alikuwa amekwisha kurudi nyumbani Texas.